Kwa anayeanza kusoma Ziegfeld Follies: tafuta vijitabu kwanza

Ziegfeld Follies ilikuwa rivyu, yaani maonyesho ya jukwaani ya New York yaliyoandaliwa na mtayarishaji Florenz Ziegfeld. Wengi huvutwa kwenye somo hili na picha za mabinti wenye manyoya ya mbuni na lulu. Si vibaya, ila zinazosambaa zaidi, za mpiga picha Alfred Cheney Johnston, zilipigwa studio, si jukwaani. Ukitaka kujua mtazamaji wa New York aliona nini, tafuta vijitabu vya ratiba walivyopewa watu ukumbini.

Humo utakuta nani alibuni maleba, nani alichora mandhari, tukio gani lilifuata lipi. Na usichukue kimoja ukadhani umemaliza. Rivyu haikuwa na hadithi moja. Nyimbo, dansi na vichekesho vilipangwa tu kimoja baada ya kingine, kwa hiyo kipande kilichodorora kiliweza kutolewa na kingine kikaingizwa msimu ukiendelea. Linganisha kijitabu cha ufunguzi na cha miezi miwili baadaye. Na jina lenyewe lisikupoteze: onyesho lililofunguliwa Julai 1907 juu ya paa la New York Theatre liliitwa Follies of 1907 tu. Jina la Ziegfeld liliongezwa 1911, hivyo ukilitafuta kwenye katalogi za miaka ya mwanzo utaambulia patupu.

Kazi za Joseph Urban zitengee muda wa kutosha. Msanifu huyu mzaliwa wa Vienna alianza na Follies mwaka 1915, na michoro yake na vielelezo vidogo vya majukwaa viko Chuo Kikuu cha Columbia. Wachoraji wake walitandaza turubai sakafuni, wakatembea juu yake na brashi za mpini mrefu, wakidondosha nukta za rangi mbalimbali bega kwa bega. Taa ya buluu ikiwaka, nukta za buluu zinajitokeza. Ikibadilishwa, rangi nyingine zinashika zamu, na anga ileile ya alfajiri inakuwa ya usiku bila pazia kuguswa. Kwa maoni yangu, mbinu hiyo moja inaeleza fahari ya Follies kuliko sura zote za Johnston.

Magazeti ya wakati ule yasome kwa jicho la pili. Mwigizaji Anna Held, ambaye ndiye anayetajwa kumpa Ziegfeld wazo la kuiga maonyesho ya Paris, aliandikwa mwaka 1896 kwamba anaoga maziwa, na muuza maziwa anadai hela zake. Ilitungwa ili tiketi ziuzike. Basi hata gharama ambayo mtayarishaji aliwatajia waandishi, itafutie shahidi mwingine. Filamu ya 1936 kuhusu maisha ya Ziegfeld itazame ujiburudishe, usiinukuu.

Usimpite Bert Williams haraka. Mchekeshaji huyu mweusi, mzaliwa wa Bahamas, aliingia Follies mwaka 1910, na baadhi ya waigizaji weupe wakatishia kuondoka. Ziegfeld hakumtoa. Lakini hapo wengi huishia kumsifu Ziegfeld, wakasahau kwamba Williams alipanda jukwaani amejipaka masizi usoni, kama vichekesho vya kuwakejeli weusi vilivyotaka, na kwamba mabinti ambao Follies ilijitangaza kuwa “inawatukuza” walikuwa weupe peke yao. Agosti 1919 chama cha waigizaji kiligoma na Follies ikasimama. Mchekeshaji mwenzake W. C. Fields alisimulia kuwa Williams alifika kama kawaida, akavaa, akajipaka, akatoka chumbani mwake na kukuta ukumbi mtupu. Hakuna aliyemwambia.

Halafu toka nje ya New Amsterdam, ukumbi uliokuwa makao ya Follies tangu 1913. Ndugu wa Shubert, watayarishaji washindani wa Ziegfeld, walikuwa na rivyu yao, The Passing Show, tangu 1912. George White, aliyewahi kucheza dansi ndani ya Follies yenyewe, alianzisha Scandals mwaka 1919, na Earl Carroll akaja na Vanities 1923. Nyota walihama huku na huko, na ukisoma nyumba moja peke yake hutaelewa kwa nini kila mwaka ngazi za jukwaani ziliongezwa na mavazi yakazidi kuwa ghali.

Ziegfeld alifariki 1932 akiacha madeni. Ukikutana na Ziegfeld Follies ya 1934 au 1936, usihangaike kwenye karatasi za Ziegfeld: waliokuwa nyuma ya maonyesho hayo ni walewale wa Shubert, wakiwa wamepata haki ya kulitumia jina hilo kutoka kwa mjane wake, Billie Burke. Anzia kwenye hifadhi ya nyaraka za Shubert, iliyoko New York.