Mtaalamu au Msikilizaji Mwenzako: Nani Akuchagulie Wimbo Unaofuata?

Kwa muda mrefu niliyachukulia mapendekezo yote ya muziki mtandaoni kuwa kitu kimoja. Nikiletewa wimbo mzuri nilifurahi, nikiletewa usionipendeza niliuruka, na sikujisumbua kujua umenifikiaje. Nilikuja kushtuka nilipotambua kwamba nilikuwa nikiiuliza huduma fulani swali ambalo haikuundwa kulijibu: mimi nilitaka nyimbo zinazosikika kama wimbo niupendao, nayo ilikuwa ikiniletea nyimbo zinazopendwa na watu wanaoupenda wimbo huo. Maswali hayo ukiyatamka haraka yanafanana, ila kila moja lina njia yake ya kujibiwa.

Njia ya kwanza ni ya wataalamu, na mfano wake maarufu ni Pandora, huduma ya redio ya mtandaoni ya Marekani, iliyotokana na mradi ulioanza mwaka 2000 kwa jina la Music Genome Project. Wachambuzi waliosomea muziki husikiliza wimbo mmoja mmoja na kuupa alama katika sifa zinazoweza kufika 450: sauti ya mwimbaji ni ya kike au ya kiume, gitaa la umeme limekwaruzwa kiasi gani, waitikiaji wapo au hawapo, mdundo umenyooka au unavunjwavunjwa. Kisha kompyuta hutafuta nyimbo ambazo alama zake zinakaribiana. Uchambuzi wa wimbo mmoja huchukua kama dakika 20 hadi 30, kwa hiyo mchambuzi anayefanya kazi saa 8 mfululizo bila hata kunyanyuka kitini hawezi kumaliza nyimbo zaidi ya 24 kwa siku. Hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa njia hii, kwa sababu nyimbo mpya hutolewa kwa kasi ambayo masikio ya binadamu hayawezi kuifuata. Hata hivyo, wimbo ukishachambuliwa huwa hauhitaji tena umaarufu wowote. Msanii asiyejulikana hata na majirani zake anaweza kupigwa mara tu baada ya nyota mkubwa, mradi tu nyimbo zao zinashabihiana.

Njia ya pili huwaachia kazi wasikilizaji wenyewe. Last.fm, huduma ya muziki ya mtandaoni, ilianzishwa Uingereza mwaka 2002, na mwaka 2005 ikaungana rasmi na Audioscrobbler, programu ambayo Richard Jones aliibuni akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Southampton. Programu hiyo huandika kila wimbo unaousikiliza, na kanuni yake ya kuhesabu ni ya wazi: wimbo wenye urefu wa zaidi ya sekunde 30 huhesabiwa ukishapigwa hadi nusu yake au kwa dakika 4, kinachotangulia ndicho kinachotumika. Redio ya huduma hiyo ilifungwa mwaka 2014, lakini kumbukumbu za usikilizaji na mapendekezo vinaendelea mpaka leo. La kuzingatia hapa ni kwamba mfumo wa namna hii hausikii chochote. Haujui gitaa wala ngoma. Unachojua ni kwamba waliousikiliza huu wamesikiliza na ule, basi.

Ili nijiridhishe, nilichukua wimbo mmoja wa taratibu, sauti ya mtu mmoja na gitaa kavu tu, nikauingiza katika huduma mbili, moja ya kila njia, na kwa wiki mbili nikawa na daftari lenye safu tatu: nimeupenda, tayari naujua, nimeuruka. Upande wa wataalamu, safu ya "tayari naujua" ilibaki karibu tupu, na hilo lilinifurahisha mno kwa siku tatu za kwanza. Siku ya nne nikaanza kuchoka. Kila wimbo ulikuwa wa taratibu, kila mmoja una gitaa kavu, kila mwimbaji ananong'ona kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Upande wa wasikilizaji, safu ya "tayari naujua" ilifurika, ila katikati ya majina hayo ya kila siku nilikutana na wimbo wa tarumbeta, wa kasi, usiofanana hata kidogo na ule wa kwanza, na ndio ninaoupiga zaidi hadi sasa. Hakuna mchambuzi ambaye angeziunganisha nyimbo hizo mbili kwa kutazama alama. Waliziunganisha watu waliozipenda zote mbili kwa sababu wanazozijua wenyewe.

Kutokana na majaribio hayo, ushauri wangu kwa njia ya wataalamu ni kuanza na wimbo badala ya jina la msanii, kwa kuwa msanii mmoja anaweza kuwa na mitindo minne na mfumo utakuletea mchanganyiko usioeleweka. Kitufe cha kukataa nacho kitumie kwa uchache. Nilikuwa nikikibonyeza kila nilipochoka, bila kufikiri kwamba ninazikataa pia sifa zilizonifanya niupende wimbo wa mwanzo. Kwa njia ya wasikilizaji, anza na msanii mwenye mashabiki wachache lakini wenye msimamo, kwa sababu ukianza na nyota anayesikilizwa na kila mtu, jirani zako kimuziki watakuwa kila mtu, na kila mtu hana ladha.

Nguvu ya umati nayo isichukuliwe kirahisi. Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha mwaka 2006, katika jarida la Science, jaribio lililohusisha washiriki 14,341 na nyimbo 48 zisizojulikana. Baadhi ya washiriki waliona idadi ya waliokwisha kupakua kila wimbo, wengine hawakuona, na walioona waligawanywa katika makundi 8 yasiyoingiliana. Pale idadi ilipoonekana, nyimbo zilizotangulia ziliziacha nyingine mbali zaidi, na wimbo uliong'ara katika kundi moja haukuwa lazima ung'are katika jingine. Tangu niliposoma hayo, wimbo ukiwa juu ya orodha huniambia zaidi habari za orodha kuliko za wimbo.

Siku hizi huduma nyingi huchanganya njia zote mbili. Spotify, kwa mfano, ilinunua kampuni ya uchambuzi wa muziki ya Echo Nest mwaka 2014, na mwaka uliofuata ikaanzisha Discover Weekly, orodha ya nyimbo 30 kila Jumatatu inayotegemea sana jinsi wasikilizaji wengine wanavyozipanga nyimbo katika orodha zao. Kwa hiyo badala ya kuuliza uchague huduma ipi, angalia kila pendekezo limetoka mkono gani. Penye maneno kama "mashabiki wa msanii huyu pia husikiliza", unazungumza na umati. Orodha iliyopangwa na mhariri ni kazi ya mtaalamu, ijapokuwa mhariri huyo naye huwa anachungulia takwimu.

Lililobaki ni kulinda kumbukumbu yako, na hili nililijua kwa gharama. Kuna kipindi nilikosa usingizi, nikawa nalala nikiwa nimewasha sauti ya mvua katika huduma moja inayofuata wasikilizaji. Mimi nikilala, yenyewe ikihesabu. Baada ya wiki chache mapendekezo yangu yalikuwa mvua, mawimbi, upepo na mashine ya kupoza hewa. Ilinibidi nifungue historia ya akaunti na kufuta usiku mmoja baada ya mwingine, kazi iliyonichukua jioni nzima, na siku hizi sauti za kulalia nazipiga kutoka faili lililohifadhiwa kwenye simu, nje kabisa ya akaunti ya muziki.