Umeme Ukikatika, Maji ya Tangi Yanakwenda Wapi?

Wadogo zangu mnaofuga samaki kwenye matangi ya maji chumvi, nawapenda, lakini mnanichosha. Kila umeme ukikatika kuna mmoja anauliza sebule imefurikaje na pampu ilikuwa imezimika. Imefurika kwa sababu pampu imezimika.

1. Maji yanayopotea kwa joto ni maji matupu, chumvi inabaki tangini. Jazia maji ya RO (yaliyochujwa kwa reverse osmosis) yasiyo na chumvi, na shikilia 35 ppt, yaani gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji ya tangi.

2. Ukichanganya maji mapya, chumvi hutiwa kwenye maji yanayozunguka. Ukimimina maji juu ya rundo la chumvi, kalsiamu inaganda nyeupe chini ya ndoo na hairudi kuyeyuka.

3. Sasa sampu, yaani tangi dogo la chini ambalo pampu hurudisha maji kutoka humo kwenda tangi kubwa la juu. Wakongwe karibu wote tumepita humu, na bado inauma kuona mnapita njia ileile. Mtu anazamisha mdomo wa bomba la kurudisha maji sentimita 15 ndani ya tangi ili asisikie mlio. Pampu ikizunguka, mambo shwari. Umeme ukienda, maji ya bombani yanashuka na kuvuta mengine nyuma yake, kama mafuta ya taa kwenye mpira, mpaka mdomo upate hewa. Piga hesabu: tangi la sentimita 180 kwa 60, kila sentimita ya kimo ni lita 10.8. Sentimita 15 ni lita 162. Sampu ina nafasi ya lita 40. Lita 122 zilizobaki zinaishia kwenye zulia, na kwenye soketi uliyoifunga chini ya kabati.

Toboa tundu la milimita 6 kwenye bomba, chini kidogo tu ya uso wa maji, ili bomba lipate hewa mapema. Kila wiki lizibue kwa kijiti cha meno, maana mwani na konokono wadogo wanalipenda. Valvu ya upande mmoja usiitegemee: chembe moja ya mchanga inatosha kuiacha wazi. Kisha zima pampu mwenyewe, mchana, ndoo ikiwa karibu. Maji yakitulia, jaza sampu mpaka sentimita 3 chini ya ukingo, washa, ngoja yatulie tena, halafu piga mstari kwa kalamu isiyofutika. Pampu ikiwa inazunguka, maji yasivuke mstari huo. Asiyefanya jaribio hili hajamaliza kufunga tangi, hata kama matumbawe yameshaingia.

4. Kila waya ushuke chini ya soketi kwanza, ndipo upande kuingia. Tone lidondoke sakafuni.

5. Pampu zioge siki na maji, nusu kwa nusu, saa moja, kila miezi mitatu. Toa rota (kipande cha ndani kinachozunguka), sugua chokaa, suuza.

6. Kwa joto la Mombasa au Dar, maji ya moto yanashika oksijeni kidogo, na samaki wakubwa ndio wanaotangulia kutweta juu. Kabla ya kununua inverta, nunua pampu ya hewa ya betri inayojiwasha umeme ukikatika. Itundike juu ya uso wa maji, jiwe la hewa lizame, na betri zibadilishwe kabla ya msimu wa joto.