Maswali ya Wasomaji: Kutoka Ujiji hadi Kaburi la London

Nitafika Kigoma kwa treni na nina siku moja tu. Je, nikiona Ujiji nitakuwa nimemaliza? (Mwalimu, Dodoma)

Siku moja inatosha kwa Ujiji, kwa kuwa ni mwendo mfupi wa daladala kutoka Kigoma mjini. Utaonyeshwa mnara na miembe ya mahali ambapo mwandishi wa habari Stanley alimkuta David Livingstone, mmisionari na mpelelezi, ingawa mwembe wenyewe wa mwaka 1871 ulikwisha kufa na iliyopo ni uzao wake. Nakusihi usiishie kwenye salamu ya Stanley inayokaririwa dunia nzima, “Dr Livingstone, nadhani?” Livingstone aliandika katika shajara yake kwamba aliyemletea habari ya mgeni ni mtumishi wake Susi, aliyekuja mbio akisema amemwona Mwingereza. Hata hivyo hutakuwa umemaliza, kwa sababu habari hiyo inaendelea huku kwetu Tabora.

Kwihara kuna nini cha kumtoa mtu mjini? (Msomaji, Nzega)

Hapo, nje kidogo ya mji wa Tabora, kuna tembe alimokaa Livingstone, na kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko lile la Ujiji. Stanley alipoondoka Machi 1872, Livingstone alibaki hapo akingoja wapagazi hadi Agosti, kisha akaelekea kusini, na tarehe 1 Mei 1873 akafia kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake huko, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miguu kuelekea pwani. Walipofika Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone, naye akawashauri wamzike hapa hapa. Walikataa, wakaendelea hadi Bagamoyo. Watu waliokwisha kutembea miezi mingi na maiti begani walipewa ruhusa ya kuutua mzigo, nao hawakuutua. Anayefika Kwihara bila kulijua hilo ataona nyumba ya udongo tu.

Shikamoo Mzee. Mimi ni Mkristo, na nyumba ya mpelelezi siwezi kuiita mahali patakatifu. Nikasali wapi Tabora? (Kijana, Kasulu)

Marahaba, mwanangu. Uko sahihi kutochanganya kumbukumbu na ibada. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, walifika Tabora mwaka 1878 na Ujiji mwaka uliofuata, na mizizi ya Ukatoliki wa huku ni ya tangu wakati huo. Seminari kuu ya Mtakatifu Paulo iko Kipalapala, nje kidogo ya mji. Omba ruhusa kwanza, kwani ni nyumba ya masomo na sala. Ukipenda kuunganisha imani na vitabu, kumbuka kwamba Mwalimu Nyerere alisoma Tabora, na baada ya Makerere akarudi kufundisha shule ya Mtakatifu Maria. Ndiye aliyetufasiria Shakespeare kwa Kiswahili, akaziweka habari za Biblia katika tenzi, na Kanisa limemtambua kuwa Mtumishi wa Mungu, hatua ya kwanza ya kuelekea kutangazwa mtakatifu.

Binti yangu anakwenda kusoma London. Akiingia Westminster Abbey atazame nini? (Mama, Urambo)

Dada yangu, mwambie kwanza kwamba ni kanisa linaloendelea kusaliwa, na akipata nafasi ahudhurie ibada kabla ya kuzunguka. Upande wa kusini kuna kona ya washairi, walikozikwa Chaucer na Dickens. Kisha arudi katikati ya kanisa, kwenye jiwe la Livingstone, aliyezikwa hapo tarehe 18 Aprili 1874. Jiwe hilo linasema kwamba aliletwa na mikono miaminifu kwa nchi kavu na bahari, lakini majina ya wenye mikono hiyo halikuyaandika. Susi na Chuma hawakuwahi mazishi. Aliyekuwapo miongoni mwa waliolisindikiza jeneza ni Jacob Wainwright, Myao aliyesomea India, aliyechonga maandishi kwenye mti kule kwa Chitambo na kuandika shajara ya safari ile. Binti yako na amtaje kwa jina mbele ya jiwe hilo, kwa kuwa Wainwright alifariki mwaka 1892 huko huko kwenu Urambo.