Maswali na majibu: Haibridi yako inakula lita ngapi?

Maswali ya safari hii kuhusu haibridi, yaani magari yenye injini ya petroli na mota ya umeme zinazosaidiana, yamejaa malalamiko ya mafuta: Aqua, Fielder, Vezel, Prius. Mengi hayana tarakimu hata moja. Nimechagua yenye kitu cha kushika, na moja lisilo nacho, kwa sababu linaletwa kila mara.

Swali: Aqua yangu inakula sana mafuta. Tatizo ni nini?

Sana ni lita ngapi kwa kilomita ngapi? Bila namba hizo mbili hakuna fundi wa kukusaidia, na atakayetaka kukuuzia betri kabla ya kukuuliza namba hizo, mkimbie. Soma jibu linalofuata, pima, kisha uliza upya.

Swali: Dashibodi inaonyesha kilomita 22.5 kwa lita. Mimi nilijaza ful, nikatembea, nikajaza tena, nikapata 19. Niamini ipi?

Bado usiamini hata moja.

Tuanze na dashibodi. Gari halina kifaa kinachopima lita zinazopita kwenda kwenye injini. Kompyuta inahesabu muda ambao nozeli zinazopulizia petroli kwenye injini zimefunguka, kisha inakadiria. Nozeli zikichakaa au presha ya mafuta ikibadilika, kadirio linapotoka na wewe hutajua. Hata gari likiwa halina hitilafu, mara nyingi kadirio huelemea upande wa kumfurahisha dereva, na kupishana na ukweli kwa asilimia 5 hadi 10 ni jambo la kawaida.

Hesabu yako nayo ina tundu. Ncha ya bomba la pampu ina kitobo kidogo, na petroli ikikifunika tu, pampu inakata. Kwa hiyo inakata mapema au imechelewa kutegemea bomba limelala vipi mdomoni mwa tangi, mhudumu amebana kwa kasi gani, povu limepanda kiasi gani, na gari limeinamia upande gani. Kupishana kwa lita moja ni rahisi kabisa. Ukiwa umejaza lita 25, lita hiyo moja ni asilimia 4. Ndiyo maana mtu anapata 19 wiki hii na 20.5 wiki ijayo, halafu anasema petroli ya sheli fulani ni mbaya.

Fanya hivi. Jaza mpaka pampu ikate mara ya kwanza, mhudumu akiwa amebana taratibu, na uishie hapo. Andika kilomita za odomita. Endelea na maisha yako kwa matangi manne au matano, ukitunza kila risiti. Mwisho rudi kituo kilekile, pampu ileile, gari limesimama vilevile, ujaze tena mpaka ikate mara ya kwanza. Jumlisha lita zote ulizonunua baada ya kule kujaza kwa mwanzo, gawanya kilomita zote kwa lita hizo. Kwa mfano kilomita 2,340 kwa lita 114.7 ni 20.4. Kosa la pampu bado ni lita moja ileile, lakini sasa liko ndani ya lita 114.7, yaani halifiki hata asilimia moja.

Usichukue wastani wa kila tangi ukaujumlisha na kugawa. Tangi lililoenda kilomita 500 kwa wastani wa 25 kwa lita na lililoenda 200 kwa wastani wa 12.5 hayakupi 18.75. Ni kilomita 700 kwa lita 36, yaani 19.4.

Ukishapata 20.4 yako na dashibodi kwa umbali uleule imesema 22.5, unajua dashibodi yako inazidisha, na unaipunguzia asilimia 9 kila ukiisoma. Hapo ndipo inapokuwa na faida.

Na hii tabia ya kumwambia mhudumu "ongeza mpaka ijae kabisa" baada ya pampu kukata, acheni. Petroli inapanda mpaka kwenye kasha la mkaa linalonyonya mvuke wa tangi na kuliharibu.

Swali: Mimi huweka ya elfu ishirini, siku nyingine ya elfu kumi. Sijazi kamwe. Nitapimaje?

Kama nilivyoeleza hapo juu. Kujaza ful kunahitajika mara mbili tu, mwanzo na mwisho. Katikati weka hata ya elfu tano, mradi risiti ya EFD uichukue na uandike lita, siyo shilingi. Bei ya kikomo ya mafuta inayotangazwa na EWURA inabadilika kila mwezi, na kwa Kenya ile ya EPRA vilevile, kwa hiyo elfu ishirini ya mwezi huu siyo lita za mwezi uliopita. Anayelalamika kwamba "zamani ya elfu ishirini ilikuwa inanifikisha Ijumaa" anapima bei, hapimi gari.

Swali: Nyumbani hadi kazini ni kilomita 12. Kwenda napata 25, kurudi 17, kila siku hivyo. Gari ni bovu?

Hapana, na nashukuru kwa swali hili kwa sababu hapa ndipo haibridi inapowachanganya wengi. Chukua Aqua ya kizazi cha kwanza. Betri yake kubwa ina moduli 20 za volti 7.2, jumla volti 144, yenye uwezo wa amperi-saa 6.5. Hiyo ni chini kidogo ya kilowati-saa moja, na kompyuta hairuhusu itumike yote: inaichezesha katikati tu, takriban asilimia 40 ya uwezo wake. Umeme unaoingia na kutoka kwa hiyo ni kama kilowati-saa 0.37. Lita moja ya petroli, ikishapita kwenye injini na joto lake kubwa kupotea, inatoa kazi ya kama kilowati-saa 3. Kwa hiyo betri kutoka ujazo wa juu hadi wa chini ina thamani ya karibu lita 0.12 za petroli.

Kilomita 12 kwa ulaji halisi wa 20 ni lita 0.6. Ukiondoka betri imejaa na ukafika imeshuka, injini imechoma lita 0.48 tu, na dashibodi inakuandikia 25. Ukiondoka imeshuka na ukafika imejaa, imechoma 0.72, inakuandikia 17 kasoro. Gari ni lilelile, mguu ni uleule. Ulilokopa asubuhi ulilipa jioni.

Sasa peleka lita hizo 0.12 kwenye lita 114.7 za mfano wa juu. Ni kama asilimia 0.1, hazipo. Kwa hiyo video zote za mtu anayezunguka mtaani kilomita 10 na kuonyesha "nimepata 33 kwa lita" hazina maana mpaka akuonyeshe pau za betri mwanzo na mwisho. Na ukienda kukagua gari la kununua, usikubali muuzaji akushawishi kwa namba ya dashibodi ya mzunguko mmoja. Anaweza kuwa ameiacha betri imejaa kabla hujafika.

Swali: Je, naweza kuichaji usiku nyumbani ili nisave mafuta?

Hapana. Haibridi isiyo na tundu la kuchomeka waya inapata kila chembe ya umeme wake kutoka kwenye petroli uliyonunua, hata ule wa breki.

Swali: Nairobi hadi Mombasa Prius yangu ilipata 27 kwa lita. Rafiki yangu anasema haiwezekani.

Inawezekana, lakini ulikuwa unateremka. Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600. Gari lenye watu na mizigo la kilo 1,400 likishuka kimo hicho linarudisha nguvu ya karibu kilowati-saa 6, sawa na kama lita mbili za petroli. Kwa safari ya kilomita 480 inayohitaji lita 20 kwenye tambarare, utatumia 18 kushuka na 22 kupanda: karibu 27 kwenda, chini ya 22 kurudi, na kwa jumla 24. Namba ya gari lako ni hiyo ya jumla. Dodoma hadi Dar ni habari ileile kwa kiasi kidogo. Njia ndefu ipimwe kwenda na kurudi, la sivyo unapima mlima.

Na kwa wanaoshuka Kitonga: gia ya B ni ya kuzuia gari lisiunguze breki, siyo ya kuokoa mafuta. Itumie unaposhuka mlima, ukifika tambarare rudi D.

Swali: Muuzaji aliniambia Aqua inakwenda kilomita 35 kwa lita. Napata 19. Nimetapeliwa?

Namba hiyo ipo kweli. Aqua za mwanzo zilitangazwa Japani kwa 35.4 kwa kipimo cha JC08. Kipimo hicho kinafanyika ndani ya maabara: kilomita 8 na kidogo, dakika 20, mwendo wa wastani wa kilomita 24 kwa saa, wa juu 81.6, kiyoyozi kimezimwa. Hakuna tuta, hakuna abiria watano. Magari mapya ya huko yanatangazwa kwa kipimo kipya, WLTC, ambacho kiko karibu zaidi na barabara. Ukilinganisha magari mawili, hakikisha yote ni ya kipimo kimoja.

Swali: Kwenye foleni ya Dar napata 11. Naweka N kupunguza ulaji lakini wapi.

Toa N haraka. Gari likiwa N halichaji betri hata injini ikiwaka, na kiyoyozi chako kinakula betri hiyohiyo. Acha D na mguu kwenye breki, au weka P.

Hiyo 11 siyo ugonjwa. Kompresa ya kiyoyozi kwenye joto la Dar ikivuta kilowati moja kwa saa nzima, injini itachoma karibu lita 0.4 kuizalisha. Kama saa hiyo umetembea kilomita 10 tu, ambazo zingehitaji nusu lita, jumla ni lita 0.9. Gawanya mwenyewe.

Swali: Tangu niweke matairi 185/65R15 badala ya 175/65R15, imeshuka kutoka 20.4 hadi 19.9.

Haijashuka. Tairi jipya lina kipenyo kikubwa kwa asilimia 2.1, kwa hiyo odomita inahesabu kilomita pungufu. Zidisha 19.9 kwa 1.021, unapata 20.3. Kipara nacho kinadanganya upande wa pili: tairi lililoisha milimita 6 za kashata linakuongezea kilomita za bure kama asilimia 2. Hakiki odomita kwa GPS ya simu kwenye barabara kuu, angalau kilomita 50.

Swali: Nilikuwa napata 21, sasa 16. Nimepima matangi manne, njia ileile. Nianzie wapi?

Huyu kapima. Anza na vya bei rahisi. Upepo wa matairi upimwe gari likiwa baridi, kwa namba za stika iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kisha tembea kilomita 10 bila kubana breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake, breki imekwama. Inua jeki uzungushe tairi kwa mkono.

Halafu oili. Injini ya Aqua hiyo, 1NZ-FXE, inataka 0W-20, na gereji nyingi zinamwaga 20W-50 kwa sababu ndiyo iliyo kwenye pipa. Injini ya haibridi inazima na kuwaka mara nyingi njiani, oili nzito inaiumiza kila inapoamka. Nunua mwenyewe, peleka, simama pale.

Kama injini haizimi ukisimama hata baada ya dakika 15 za mwendo, shuku themostati, kile kilango cha maji ya kupoza injini, iliyokwama wazi: injini haifiki joto, kompyuta haiiruhusu kupumzika. Baada ya hapo tazama kichujio cha feni ya betri, kando ya kiti cha nyuma. Vumbi likikiziba, betri inapata joto na kompyuta inaibania. Usiweke begi mbele ya tundu lile.

Betri iwe ya mwisho. Kifaa cha OBD kinachosoma kompyuta ya gari, pamoja na programu ya simu kama Dr. Prius, vitakuonyesha volti za kila bloku ya betri ukikanyaga mafuta. Zikishuka pamoja, hiyo ni sawa. Moja ikiporomoka peke yake, hapo kuna kazi. Nyaya za rangi ya chungwa asiguse mtu asiyefunzwa. Hata gari likiwa limezimwa, plagi ya usalama ikishatolewa subirini dakika 10.

Swali: Nataka kupima kwa kuendesha mpaka tangi likauke. Ni sahihi?

Usithubutu. Haibridi ya Toyota haina stata ya kawaida. Injini inaamshwa na betri kubwa. Petroli ikiisha gari litaendelea kwa umeme kilomita chache, na ukilazimisha mpaka betri ikauke, ukishaleta kidumu cha petroli hakuna cha kuiamsha injini. Kuazima betri ya volti 12 ya jirani hakutasaidia. Itabidi betri kubwa ichajiwe kwa mashine maalumu, na gari livutwe mpaka ilipo mashine hiyo.