Maswali ya Wasomaji: Je, Ni Lazima Nisubiri Talaka Ndipo Nidai Malezi ya Watoto?

SWALI: Mimi na mume wangu tulifunga ndoa ya kiserikali hapa Nairobi mwaka 2015, na tumejaliwa watoto wawili, wa miaka 9 na 4. Alihama nyumba yetu ya Ruai zaidi ya miaka 2 iliyopita. Sasa anasema kwamba kwa kuwa sina mshahara ila kibanda cha mboga, hakuna hakimu atakayeniachia watoto, naye atawapeleka kwa mama yake mashambani. Nyumba tuliijenga tukiwa pamoja lakini hati ni ya jina lake. Je, nisubiri talaka ndipo nidai watoto? Na je, nitatoka mikono mitupu?
Mama wa Wawili, Ruai

JIBU: Mama wa Wawili, huna haja ya kusubiri talaka. Kesi ya talaka na kesi ya malezi huendeshwa kila moja kivyake, na unaweza kwenda katika Mahakama ya Watoto pale Milimani ndoa ikiwa bado ipo, ukaomba amri ya muda ya kuzuia watoto wasihamishwe mpaka kesi isikizwe. Kwa kuwa tayari umetishwa kwamba watachukuliwa, ningekushauri uanze na hiyo.

Kuhusu mshahara, mumeo anakutisha bure. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu, na kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inafuata msingi huohuo. Kwa hiyo hakimu akikukabidhi watoto, anaweza papo hapo kumwamuru baba alipe karo, matibabu na chakula kulingana na uwezo wake. Mahakama zetu kwa muda mrefu zimeelekea kuwaacha watoto wadogo kwa mama pasipokuwa na sababu nzito, lakini usiutegemee mwelekeo huo peke yake. Afisa wa watoto anaweza kutumwa nyumbani kwako aandike ripoti: watoto wanalala wapi, nani huwapeleka shuleni, nani hubaki nao unapokuwa kibandani. Weka tayari kitabu cha kliniki cha huyo mdogo, ripoti za shule za mkubwa, na taarifa ya M-Pesa inayoonyesha karo uliyolipa. Huyo wa miaka 9 huenda akaulizwa maoni yake. Tafadhali usimfundishe la kusema.

Nakusihi pia usimzuie baba kuwaona watoto hata kama hatumi chochote. Ninaelewa uchungu ulio nao, lakini mzazi anayemficha mtoto hujiharibia mbele ya hakimu, na mtoto ndiye anayeumia zaidi.

Talaka yenyewe haitakuwa ngumu kuieleza. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, wanandoa wa ndoa ya kiserikali waliotengana kwa angalau miaka 2 wana msingi wa kuiambia mahakama kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ombi hupelekwa kwa hakimu pamoja na cheti cha ndoa. Wasomaji waliooana Kiislamu huenda kwa Kadhi.

Nyumba inahitaji uangalifu. Jina lililo kwenye hati halimalizi mambo, kwa kuwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inatambua mchango usio wa fedha: kazi za nyumbani, malezi ya watoto, hata usimamizi wa biashara ya familia. Hata hivyo, wanaokuambia kwamba nusu ni yako moja kwa moja wanakupotosha. Mahakama ya Juu iliamua Januari 2023 kwamba kila mmoja hupata kulingana na mchango aliothibitisha. Tafuta risiti za saruji na mabati, na majina ya mafundi uliowapikia na kuwasimamia. Nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa bila idhini yako ndoa ikiwa bado ipo, lakini kwa usalama zaidi muulize wakili kuhusu kuweka zuio la kuuzwa kwa nyumba katika masjala ya ardhi.

Kama ada ya wakili ni mzigo, FIDA Kenya (shirikisho la mawakili wanawake) na Kituo cha Sheria (shirika la msaada wa kisheria), wote wana ofisi Nairobi, husaidia wasiojiweza. Nenda na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.