Maswali ya Wasomaji: Anachohitaji Daktari wa Watoto Kutoka kwa Mzazi

Shikamoo, Daktari. Nina mtoto wa miaka miwili. Kila nikimpeleka kliniki ninaulizwa maswali nisiyo na majibu yake: homa ilianza lini, amekojoa mara ngapi, amekunywa dawa gani na kwa kiasi gani. Ninababaika, muda unakwisha, na nikishafika nyumbani ndipo ninapokumbuka jambo lililonipeleka. Siku nyingine anayempeleka ni dada yake mkubwa, naye hurudi na dawa bila maelezo. Nifanyeje? (Mama wa Kitinda Mimba)

Marahaba, mama. Huna sababu ya kuona haya, maana hata sisi tuliosomea kazi hii hubabaika tunapowapeleka watoto wetu kwa madaktari wenzetu. Mtoto wa miaka miwili hawezi kueleza maumivu yalianza lini wala yako upande gani, kwa hiyo daktari hutegemea macho yake mwenyewe na mdomo wako. Sehemu kubwa ya ugonjwa hutambuliwa katika mazungumzo hayo, kabla kifua hakijasikilizwa, na ndiyo sababu maswali huwa mengi na huja kwa haraka.

Dawa ya kubabaika ni kuandika, tena uandike usiku uleule mambo yanapotokea, kwa sababu mzazi aliyekesha hukumbuka uchovu akasahau saa. Maneno mafupi kama "saa 8 usiku, 38.9, parasetamoli mililita 5. Saa 12 asubuhi, 37.6, amekunywa uji" yananiambia mengi kuliko "amechemka usiku kucha", kwa kuwa yananionyesha kwamba homa ilishuka kwa dawa, kwamba mtoto alipopoa alitaka kula, na kwamba kipimo kingine cha dawa hakijatolewa tangu hapo. Andika pia mara alizotapika na mara alizokojoa. Swali la mkojo huwakera wazazi wengi, lakini mtoto anayeharisha akipitisha muda wa saa 8 bila kukojoa, daktari atashuku upungufu wa maji mwilini hata kabla ya kumgusa.

Dawa zote ulizompa, zikiwamo za mitishamba, njoo nazo katika chupa zake. Sisemi hivi kwa kupenda ukaguzi. Kuna parasetamoli ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, na ipo nyingine yenye miligramu 250 katika mililita hizohizo 5, na chupa zake huweza kufanana. Mzazi akiniambia "nilimpa kijiko kimoja" bila chupa mkononi, sijui kama mtoto amepata kiasi kinachomfaa au zaidi ya mara mbili yake. Hicho kijiko nacho kina matatizo yake, kwani vijiko vya nyumbani havilingani. Tumia bomba au kikombe cha kupimia kilichokuja na dawa, na uulize kipimo kinachoendana na uzito wa mtoto, kwa kuwa watoto wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana kwa kilo kadhaa. Aspirini usimpe mtoto bila agizo la daktari, kwa sababu imehusishwa na ugonjwa wa nadra lakini wa hatari unaoshambulia ini na ubongo.

Kama mtoto hupumua kwa namna ya ajabu, hushtuka usingizini au hukazana viungo kisha akatulia, mchukue video fupi kwa simu. Mambo hayo yana tabia ya kutoweka mara tu mnapoingia kwa daktari, na nusu dakika ya picha huokoa maelezo marefu.

Kuhusu jambo linalosahauliwa, liseme kwanza. Nakumbuka mama mmoja aliyekuja kwa ajili ya upele mdogo wa mkononi, tulizungumza juu ya upele, nikaandika dawa, akambeba mtoto, na akiwa ameshashika kitasa cha mlango akageuka akasema, "Halafu usiku anakoroma, na mara nyingine pumzi hukatika kidogo." Ilibidi wakae tena na tuanze upya, kwa maana upele ungeweza kusubiri mwezi mzima bila madhara, lakini pumzi inayokatika usingizini haikutakiwa kusubiri. Tangu hapo huwauliza wazazi wakiwa bado wamekaa: kuna lingine linalokunyima usingizi?

Binti yako anaweza kumpeleka mdogo wake ikiwa huna budi, ila uliza mapema kama kliniki yenu inamkubali msindikizaji asiye mzazi na kama inataka barua yako. Mpe karatasi ile ya maelezo, uwe karibu na simu, naye kabla ya kutoka amweleze daktari tena alichosikia, kwa maneno yake mwenyewe: dawa hii ni ya nini, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi. Akikosea, atasahihishwa palepale.

Daktari, mtoto wetu wa kwanza ana wiki 7. Juzi usiku kipimajoto kilisoma 38.2. Nilipiga simu kuuliza kiasi cha dawa, muuguzi akaniambia nisimpe chochote, nimpeleke hospitali saa ileile. Wiki moja kabla, mtoto wa dada yangu mwenye miaka 4 alikuwa na 39.5, na simu hiyohiyo ikamwambia dada yangu asubiri hadi asubuhi. Mbona mwenye homa kubwa ndiye aliyeachwa? (Baba Mpya)

Muuguzi alikuwa sahihi mara zote mbili, na ninafurahi kwamba mlimsikiliza. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 3, joto la 38 au zaidi ni jambo la kuonwa na daktari siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama ananyonya. Kinga yake bado ni changa, na maambukizi makali ya damu, ya njia ya mkojo au ya utando wa ubongo yanaweza kujitokeza kwa dalili hiyo moja tu. Ukimpa dawa ya kushusha homa kabla hajaonwa, unaweza kuificha dalili pekee ambayo daktari angeitumia. Msishtuke hospitali wakitaka damu na mkojo, na pengine maji ya uti wa mgongo. Kwa umri huo ndivyo inavyofanywa.

Kwa mtoto wa miaka 4 namba ya kipimajoto ina uzito mdogo kuliko hali ya mtoto mwenyewe. Bila shaka dada yako aliulizwa kama mtoto anakunywa, kama anacheza homa ikishuka, kama anapumua kwa shida. Majibu yalikuwa mazuri, na kwa hiyo asubuhi ilitosha. Mtoto mwenye 38.5 aliyelegea na asiyetaka hata maji angenitia wasiwasi zaidi kuliko huyo.

Kupumua ndiko ninakotamani kila mzazi ajifunze kukutazama. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, inua nguo yake na uhesabu kifua kinavyopanda kwa dakika 1 kamili. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni kupumua kwa haraka kunakostahili kuchunguzwa siku hiyo. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au midomo inageuka rangi, usipige simu kuomba miadi, nenda moja kwa moja kwenye huduma ya dharura. Ndivyo pia kwa mtoto anayepata degedege, asiyeamka vizuri, asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, au mwenye madoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza kwa glasi ya kioo.

Mwanangu ana miezi 10 na ni mzima kabisa. Kuna haja gani ya kukaa foleni na watoto wanaokohoa ili apimwe uzito tu? (Msomaji)

Foleni ni malalamiko ya haki. Uliza mapokezi kama kuna siku au saa za watoto wasioumwa, kwani kliniki nyingi huzitenga. Uzito wenyewe, hata hivyo, haupimwi kwa ajili ya siku hiyo. Nukta moja kwenye chati ya ukuaji haina maana kubwa. Nukta tano zikiunganishwa huonyesha mwelekeo. Mtoto mwembamba anayefuata mstari wake mwezi hadi mwezi hanisumbui, ilhali mnene aliyeanza kushuka kutoka mstari mmoja hadi mwingine hunifanya niulize maswali. Kama mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mkumbushe daktari, maana ukuaji wake husomwa kwa umri uliorekebishwa, yaani unaohesabiwa tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, hadi anapofika miaka 2 hivi. Na kama kuna chanjo aliyoikosa, msiogope kurudi: kwa kawaida huendelezwa pale ilipoishia bila kuanza upya, na mafua madogo hayaizuii.

Mbona daktari alininyima antibiotiki ya mafua? (Mama wa Wawili)

Kwa sababu mafua huletwa na virusi, na antibiotiki huua bakteria. Kamasi za kijani si ushahidi wa bakteria, na kikohozi cha mafua kinaweza kudumu wiki 2 hadi 3 mtoto akiwa anapona. Badala ya kuomba dawa, muulize daktari swali hili: "Nikiona nini nirudi?" Jibu lake uliandike.

Binti yangu ana miaka 14. Safari hii daktari aliniomba nitoke nje wazungumze wawili. Nilitoka, lakini moyo uliniuma. Kuna siri gani ya mtoto ambayo mama hatakiwi kuijua? (Mama Aliyeachwa Nje)

Pole, mama, ingawa daktari huyo alifanya linalopasa. Vijana wanaobalehe huulizwa mambo ya hedhi, huzuni, usingizi, wanavyotendewa shuleni na yanayowapata wakiwa na wenzao, na wengi hujibu "hakuna" mzazi akiwapo. Una haki ya kumuuliza daktari, mbele ya binti, siri hiyo ina mipaka gani. Kwa kawaida atakuambia kwamba maisha ya mtoto yakiwa hatarini, au kuna mtu anayemdhuru, hatanyamaza. Mengine hutegemea sheria za nchi mliyopo. Mweleze pia daktari yale unayoyaona nyumbani kabla hujatoka, kwa kuwa binti hatayasema yote. Mkiwa njiani kurudi usimhoji walizungumza nini. Ninao wazazi walioshika neno hilo, na watoto wao walianza kusimulia wenyewe kabla ya kufika nyumbani.