Mwanangu, kuhusu ule wimbo

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Uliuliza: "Mama, My Favorite Things ni wimbo wa watoto, mtu anataja vitu anavyovipenda ili woga umtoke. Mbona wapigaji wa jazi hawauachi, na wewe ndiyo kabisa?" Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningeishia kukuimbia.

Muziki aliutunga Richard Rodgers, maneno Oscar Hammerstein, kwa ajili ya The Sound of Music, tamthilia ya muziki iliyofunguliwa Broadway, New York, Novemba 1959. Jukwaani Maria, msichana wa utawani anayetumwa kulea watoto, aliuimba na mkuu wa watawa. Wewe unakumbuka filamu ya 1965, anapowaimbia watoto huku radi ikinguruma. Hammerstein alifariki Agosti 1960. Oktoba mwaka uleule mpiga jazi John Coltrane akaingia nao studio, mkononi saksafoni ya soprano, ile nyembamba iliyonyooka, inayolia karibu na zumari.

Sikiliza McCoy Tyner kwenye piano. Anarudia miguso ileile michache, anarudia tena, kama mama anayepapasa mgongo wa mtoto asiyetaka kulala. Wimbo unahesabiwa moja-mbili-tatu, lakini mpiga ngoma Elvin Jones hazipigi ngoma zake kwa hesabu kavu. Mimi niliyekulia kwenye chakacha, masikio yangu husikia sita.

Sasa jibu lako. Jukwaani, machungu na faraja huja pamoja mwishoni, kwa sekunde chache: umeumia, umekumbuka uvipendavyo, moyo umetulia. Coltrane sehemu hiyo haigusi mapema. Anashika mstari wa kwanza, anauzungusha, anauacha, anampisha Tyner, anaurudia, mpaka zinapita karibu dakika 14. Sehemu ya mwisho anaipiga pale anapomaliza tu, na ikifika unajua imetoka mbali.

Mimi nililijua hili mwaka ule babako alipolazwa. Usiku nilikaa jikoni, chai imepoa hadi imefanya utando juu, nikijitajia vitu nivipendavyo: mvua juu ya mabati, asumini mbichi, wewe ukicheka usingizini. Havikunituliza. Wimbo wa kwenye filamu ulinikera usiku ule, nikauzima katikati. Wa Coltrane ulinivumilia. Haukunihimiza nipoe.

Ndiyo maana hauzeeki, mwanangu. Maneno yake yanaahidi kitu kikubwa, na sauti zake ni chache, zina nafasi. Anayeupiga anaweza kukaa ndani yake kadiri ahadi ile inavyomchelewea. Coltrane mwenyewe hakuumaliza. Aprili 1967, Harlem, katika kituo cha mpiga ngoma Mnigeria Babatunde Olatunji, aliupiga zaidi ya nusu saa. Julai akafariki, ana miaka 40.

Hiyo ya Harlem usianze nayo, ni moto mtupu. Anza na ya 1960, usiku, simu iweke mbali. Ukifika ile sehemu ya mwisho, nipigie, hata kama ni saa nane.

Mama yako